Sura ya Tatu: Chumba Kilicholala Kitupu

Wazazi wanaowaleta watoto wao kujiandikisha vyuoni hapa Kigali huuliza swali moja kwa namna nyingi: hivi kweli kubeba sinia kunahitaji miaka ya chuo kikuu? Wengine hulificha kwa heshima, wakauliza kama kuna nafasi ya kuhamia uhasibu mwaka wa pili. Wenye hoteli hulileta kwa upande wao: wanataka vijana wachangamfu, hawataki wasomi. Na wahadhiri wenzetu wa uchumi na uhandisi, wakisikia kwamba mtu ana uzamivu wa usimamizi wa hoteli, hudhani ametunukiwa kwa kukunja vitambaa vya meza. Sura hii ni jibu kwa hao wote.

Nilikusudia kujibu dhana tatu kwa kurasa zinazolingana: kwamba ukarimu ni kipaji cha kuzaliwa nacho, kwamba hoteli iliyojaa ndiyo iliyofanikiwa, na kwamba kutafiti fani hii ni kuwauliza wageni kama wameridhika. Lakini ya pili ndiyo itakayochukua nafasi kubwa, maana ndiyo ninayoifundisha na kuitafiti.

Naanza na kipaji. Tunaambiwa Mwafrika ni mkarimu kwa asili, kwa hiyo hana haja ya kufundishwa. Maneno hayo husikika kama sifa, nami nayaona ni hatari. Kumkaribisha shemeji nyumbani ni jambo moja. Kumpokea saa nane usiku mgeni aliyecheleweshwa na ndege, akakuta chumba chake amepewa mwingine, ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha utafiti wake juu ya wahudumu wa ndege wa shirika la Delta, akaonyesha kwamba kutabasamu kwa amri ya mwajiri ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba huchosha. Bosi anayeamini kwamba tabasamu la mhudumu ni la asili haoni sababu ya kulilipia, wala ya kumpumzisha anayelitoa. Ndiyo maana sina subira na semina za hamasa zinazouzwa mjini siku hizi. Msemaji huja na kipaza sauti, huwapigisha wahudumu makofi, hulipwa, huondoka. Jumatatu meza ya mapokezi bado ina mtu mmoja, na basi la wageni arobaini limeegeshwa nje.

Kwamba kazi hii hufundishwa si habari mpya. Shule ya Lausanne, Uswisi, ilifunguliwa 1893. Cornell, Marekani, walianza kuifundisha 1922. Nairobi ilipata Chuo cha Utalii 1975 kwa msaada wa Uswisi, na wahitimu wake wamesambaa katika hoteli za Afrika Mashariki yote. Kigali ilikuwa na Hôtel des Mille Collines tangu 1973, mali ya Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji. Chuo kikuu chetu cha utalii, kinachoitwa UTB leo, kilianzishwa 2006. Miaka kumi baadaye Kituo cha Mikutano cha Kigali na hoteli ya Marriott vilifunguliwa katika mwaka mmoja, na mji huu ukawa mji wa mikutano: wakuu wa Jumuiya ya Madola walikutana hapa Juni 2022, na mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Septemba 2025, mara ya kwanza katika bara letu.

Sasa hoteli iliyojaa. Mwenye hoteli hukuonyesha kwa fahari kwamba vyumba vyake vyote vina watu. Swali la kumuuliza ni hili: vina watu gani, na kwa bei gani? Gunia la mchele lisipouzwa leo litauzwa kesho, lakini usiku wa leo wa chumba namba 214 ukipita hauuzwi tena milele. Hofu ya chumba kitupu ndiyo inayomfanya mwenye hoteli akubali kila oda inayotangulia kufika, na Kigali oda zinazotangulia ndizo za bei ndogo.

Kuna sababu. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani katika Mbuga ya Volkano ni dola 1,500 tangu 2017, na vibali vya kila siku vina idadi maalumu. Wakala wa safari hununua mapema, na akishapata kibali hutafuta vyumba vya Kigali miezi kadhaa kabla, akidai punguzo la kundi. Mgeni wa mkutano haendi hivyo. Ofisi yake humkatia tiketi siku chache kabla ya safari, naye hulipa bei kamili. Ukiwajaza wa kwanza, wa pili atalala kwa jirani yako.

Dawa ya tatizo hili haikutoka hotelini. Mwaka 1972 Ken Littlewood, aliyekuwa akifanya kazi katika BOAC, shirika la ndege la Uingereza, alieleza kanuni ya kuamua viti vya bei ndogo vikome wapi. Hoteli za Marekani ziliichukua fikra hiyo katika miaka ya 1980. Nitaieleza kwa hoteli ya kubuni yenye vyumba 100.

Wakala wa safari analipa dola 80 kwa chumba, mgeni wa mkutano dola 120. Chukua rekodi za Jumanne 30 za msimu unaofanana na huu. Katika Jumanne 24, wageni wa bei kamili walihitaji vyumba 20 au zaidi. Katika Jumanne 20 walihitaji 28 au zaidi. Katika Jumanne 15 walihitaji 35 au zaidi. Je, chumba cha 20 kiwekwe akiba kwa ajili yao? Nafasi ya kukiuza ni 24 kwa 30, yaani asilimia 80, na asilimia 80 ya dola 120 ni dola 96. Hizo zinazidi 80 za wakala, basi kiwekwe. Chumba cha 35 kina nafasi ya nusu kwa nusu, kwa hiyo thamani yake ni dola 60. Mpe wakala, tena bila kusita. Chumba cha 28 kina nafasi ya theluthi mbili, ambayo ni dola 80 kamili. Hapo ndipo mpaka ulipo: weka akiba vyumba 28, uza 72 kwa mawakala.

Tazama kilichotokea. Meneja aliyewapa mawakala vyumba vyote 100 alipata dola 8,000 na akasifiwa kwa kujaza hoteli. Aliyefuata kanuni hupata dola 9,120 wageni wa mkutano wakifika wote 28, na katika Jumanne nyingine atalala na vyumba vitupu kadhaa. Vitupu hivyo si uzembe. Hata wakifika 20 tu, ana 8,160 na vyumba vinane havina mtu. Wakifika 10 atapata 6,960, na usiku huo bosi atamfokea. Kanuni haiahidi kushinda kila usiku. Inaahidi kwamba ukiifuata msimu mzima utakuwa mbele. Mwenye hoteli anayehukumu kwa usiku mmoja ataifukuza hesabu nzuri na kuibakiza hofu.

Hesabu yenyewe ina masharti, na hapo ndipo mwanafunzi hutofautiana na mtu aliyesoma kurasa mbili. Kundi la wakala huenda likala chakula cha jioni hotelini, na mgeni wa mkutano akala karamu ya wenyeji wake. Basi ulinganishe kinachobaki baada ya gharama, usilinganishe bei ya chumba peke yake. Na juma la mashindano ya baiskeli halina Jumanne 30 za kufanana nalo.

Kalenda ya Kigali ina tabia zake, na asiyezijua huangukia ushirikina. Kila mwaka wapo wanaoona vyumba vikiwa vitupu Aprili wakaamua kwamba jirani amewaroga, au kwamba jengo lina mkosi, wakaita watu wa kuombea korido. Aprili ni mvua za masika, watalii ni wachache, na tangu tarehe 7 nchi iko katika juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari, ambapo hakuna harusi wala sherehe. Ukiweka rekodi za miaka mitano mezani, shimo la Aprili linaonekana kila mwaka, kwako na kwa huyo jirani anayeshukiwa. Fedha ya maombi hayo ingetosha kupaka rangi vyumba wakati havina watu.

Kuhusu utafiti nitasema kwa kifupi. Tasnifu nyingi ninazoletewa hupima ubora wa huduma kwa dodoso lile lile la vipengele 22, SERVQUAL, lililochapishwa 1988 na Parasuraman, Zeithaml na Berry. Ni kazi ya heshima, lakini ilijengwa kwa wateja wa benki, kadi za mikopo, mafundi wa vifaa vya nyumbani na simu za masafa marefu huko Marekani. Hoteli haimo. Mwanafunzi huligawa hotelini kwa Kiingereza, mgeni mstaarabu hujaza nne kila mahali ili asimwaibishe mwenyeji wake, na matokeo husema wageni wameridhika. Mhudumu wa vyumba, anayejua kwa Kinyarwanda fasaha kwa nini mashuka hayakutosha Ijumaa, hakuulizwa chochote.

Mhadhiri wa fani hii hutumia nusu ya maisha yake barabarani, akiwakagua wanafunzi walio mafunzoni Rubavu, Musanze na Karongi, na nusu nyingine akitafuta takwimu ambazo hoteli huzificha kama siri ya ndoa. Kupandishwa cheo kunategemea makala katika majarida, na makala yanahitaji takwimu hizo. Njia iliyonisaidia ni ndefu: unafundisha, wahitimu wanapanda hadi kuwa wakuu wa mapokezi, na wao ndio wanaokufungulia daftari.

Na daftari likifunguliwa, upungufu wake ni mmoja, nao unaharibu hesabu yote niliyoeleza hapo juu. Linaonyesha waliolala. Haliandiki waliopiga simu wakaambiwa hakuna nafasi. Usiku hoteli ilipojaa mawakala, wageni 40 wa bei kamili huenda walikataliwa, lakini rekodi itasema walihitaji vyumba sita tu, yaani vile vilivyobaki. Mwaka unaofuata meneja atawawekea akiba sita. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba wahitimu wangu walio mapokezini ni kuongeza safu moja kwenye daftari: tarehe, na idadi ya waliokataliwa.