Hodi Mbili kwa Seva Moja

Msomaji ametuuliza: ilikuwaje tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zikapotea duniani kote kwa takriban saa sita? Chanzo kilikuwa amri ya matengenezo iliyokata mtandao wa ndani unaounganisha vituo vya data vya kampuni. Lakini kilichofuata ndicho kinachonivutia. Seva za DNS, zinazoielekeza simu yako iende anwani ipi, zilipangwa zijipime zenyewe: zikishindwa kuvifikia vituo vya data, zijihesabu mbovu na ziache kuitangazia intaneti njia ya kuzifikia. Zikaacha zote. Zilikuwa bado zinafanya kazi, ila hazifikiki.

Kujipima huko tumezoea kukuita ukaguzi wa afya. Mimi napendekeza tuseme hodi, kwa sababu mkaguzi haingii ndani. Anabaki mlangoni na kuamua kwa jibu analolisikia. Tena hubisha mara tatu, kama desturi yetu. Kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu za seva uliotolewa na Google mwaka 2014, usipobadilisha mipangilio hodi hupigwa kila sekunde 10, jibu husubiriwa sekunde 1, na hatua huchukuliwa baada ya kushindwa mara 3 mfululizo.

Uzuri wake ni kwamba hodi zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza yauliza: kuna mtu? Kukiwa kimya, programu imekwama, basi inazimwa na kuwashwa upya. Ya pili yauliza: wageni waingie? Mwenyeji anaweza kuitika kwamba yumo, lakini chakula hakijaiva. Huyo havunjiwi nyumba. Wageni wanapelekwa kwa jirani mpaka mwenyewe aseme karibu. Kwa lugha ya HTTP, karibu ni 200, na subirini kwanza ni 503.

Sasa tazama huduma ya malipo yenye nakala kumi zinazotegemea hifadhidata moja. Hifadhidata imezidiwa, inajibu kwa sekunde tano, na mtengenezaji ameiingiza katika hodi ya kwanza. Nakala zote kumi zinachelewa kuitika, zinadhaniwa zimekufa, zinawashwa upya, na zikiamka zinaikimbilia hifadhidata ileile kwa pamoja kufungua miunganisho mipya. Iliyokuwa imelemewa sasa inazama.

Dawa yake ni kiolesura kimoja kinachofuatwa na kila kitegemewa, iwe hifadhidata, foleni ya ujumbe au diski: kitaje jina lake, ukomo wa muda wa kujibu, hali yake, na hodi inayokihusu. ASP.NET Core, jukwaa la Microsoft la kuundia programu za wavuti, inatambua hali tatu: mzima, anayejikongoja na mgonjwa. Hali ya kati ina thamani kubwa. Akiba ya muda ya data ikianguka, huduma itakwenda polepole, lakini itakwenda.

Nakala moja ikisema haiwezi, iaminiwe. Zikisema zote kwa mpigo, kama zile seva za DNS za Facebook, yafaa kushuku kwamba kasoro iko kwingine. Ndiyo maana kisawazisha mzigo cha AWS ya Amazon, kinachogawa maombi kwa seva, kikiona seva zote za kundi ni mbovu, huendelea kuzipelekea maombi zote.

Wewe unayeandika programu za seva, ifungue leo hodi yako ya kwanza. Ukikuta hifadhidata imetajwa humo, ihamishie kwenye ya pili.