Jokofu laweza kupunguza mzigo wa gridi, lakini nani atalipa?

MUUZA vinywaji baridi wa Bashay, huko nyanda za juu za Mbulu, hulipia uniti ya umeme bei ile ile saa mbili usiku na saa nane usiku. Kwa shirika la umeme, saa hizo mbili hazifanani. Jioni taa, televisheni na pasi huwashwa nchi nzima kwa pamoja. Usiku wa manane mitambo hubaki na nafasi.

Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika kila sekunde. Matumizi yakizidi, mapigo ya umeme, ambayo ni 50 kwa sekunde, hushuka. Yakishuka mno, mitambo hujizima.

Hata hivyo, ghala la namna fulani limo majumbani na madukani. Friza iliyojaa ikizimwa nusu saa haiharibu kitu, na hita yenye tangi hutunza maji moto kwa saa kadhaa. Vyombo vingi vikizimwa kwa zamu jioni, mzigo hupungua bila mteja kusumbuka. New Zealand imekuwa ikizima hita za maji tangu miaka ya 1950, kwa ishara inayopita katika nyaya zile zile za umeme. Kenya nayo, katika bei za mwaka 2008, iliwatoza nafuu wenye hita waliokubali kukatiwa saa za msongamano.

Faida iko pia umeme unapozidi. Machi 2024, TANESCO ilizima vituo vitano vya nguvu za maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Siku kama hizo, tangi la maji moto lingekuwa mnunuzi.

Tatizo ni malipo. Daraja la T1, lenye maduka mengi madogo, lina bei moja usiku na mchana: agizo la EWURA la 2016 liliipanga kuwa Sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi. Nchini Kenya, punguzo la umeme wa usiku lililoanza Desemba 2017 liliwalenga wenye viwanda na biashara kubwa.

Kwa hiyo, mwenye duka anayeuziwa kifaa cha kupanga saa za kuwasha friza aulize kwanza nafuu itatoka wapi. Katika T1 nafuu hutokana na kupunguza uniti: mpira wa mlango ulio mzima, na jokofu kukaa mbali na jiko. Chupa za maji zilizogandishwa mchana hazipunguzi gharama, ila hulinda nyama na maziwa umeme ukikatika jioni.

Kwa wawekezaji, hisa za Kenya Power huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. TANESCO ni mali ya Serikali, haina hisa sokoni. La kuangalia ni agizo lijalo la bei: likitenganisha jioni na usiku, friza ya dukani itaanza kuwa na thamani nyingine.