Umeme wa Kampala: kati ya maji, dizeli na gesi

KAMPALA - Mwaka 2005, kina cha Ziwa Victoria kiliposhuka, mabwawa ya Nalubaale na Kiira huko Jinja yalishindwa kutosheleza mahitaji ya umeme nchini Uganda. Serikali ililazimika kukodi mitambo ya dizeli ya megawati 50, iliyofungwa Lugogo, Kampala.

Mitambo hiyo haikutegemea mvua, lakini bei ya umeme wake ilifuata bei ya dizeli na gharama ya kuisafirisha kupitia Kenya. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipokwamisha malori, mafuta yaliadimika Kampala.

Tanzania nayo ilikumbwa na ukame na mgao wa umeme mwaka 2006. Hata hivyo, tangu 2004 gesi ya Songosongo ilikuwa ikifika kwa bomba kwenye mitambo ya Ubungo, Dar es Salaam. Gesi ya bomba haipangi foleni mpakani.

Uganda ilichagua kuongeza mabwawa: Bujagali, megawati 250, mwaka 2012, kisha Karuma, megawati 600, lililozinduliwa 2024. Yote yako kwenye mto mmoja, Nile. Maji yakipungua tena, mwenye kinu au ghala la baridi atarudi kununua dizeli.