Bwawa la Chumvi: Kweli au Si Kweli?

Fundi akishafunga mashine ya chumvi kwenye bwawa la kuogelea, huaga kwa maneno matamu: "Sasa dawa basi." Miezi miwili haipiti, maji yameanza ukijani na mwenye nyumba anailaani mashine. Kabla hujailaani yako, pima haya unayoyasikia.

"Bwawa la chumvi halina klorini."
Si kweli. Chumvi ni sodiamu na klorini zilizoshikana. Maji yanapopita kwenye seli ya mashine, kati ya sahani zenye umeme, hapo hapo huzaliwa klorini. Huua vijidudu, kisha sehemu kubwa hurudi kuwa chumvi. Bado unatakiwa uwe na miligramu 1 hadi 3 za klorini katika kila lita.

"Maji yake ni kama ya bahari."
Si kweli. Lita moja ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, ya machozi gramu 9, na ya bwawa gramu 3 tu. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha mita 1.5 hubeba lita 48,000, basi linahitaji kilo 144. Ukitaka lifanane na bahari, ungemwaga zaidi ya tani moja na nusu!

"Chumvi yoyote inafaa."
Si kweli. Chumvi ya mezani yenye madini joto huweza kuacha madoa, na ile ghafi ya pwani huja na mchanga, magnesi na kalsiamu. Nunua iliyosafishwa, isiyo na madini joto.

"Maji yakipungua kwa jua, ongeza chumvi."
Si kweli. Jua huchukua maji na kuiacha chumvi. Chumvi hupotea maji yanaporushwa nje na waogeleaji, chujio linapooshwa, bwawa linapovuja, au masika yanapolifurisha. Pima kwanza, ndipo ufungue gunia.

"Asidi haihitajiki tena."
Si kweli, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Viputo vya hidrojeni vinavyotoka kwenye seli huifukuza kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka majini, na pH hupanda yenyewe. Inatakiwa ibaki kati ya 7.2 na 7.8. Ikizidi 8, klorini utaiona kwenye kipimo, lakini makali yake yamekwisha pungua. Tatizo huongezeka kwa anayejazia maji ya kisima cha pwani. Visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe vina kalsiamu nyingi, na pH ikiwa juu kalsiamu hiyo huganda kwenye sahani za seli, ukoko mweupe kama wa ndani ya birika. Seli yenye ukoko huzalisha klorini kidogo, na mwani haungoji.

Dawa yake ni asidi ya haidrokloriki, kidogo kidogo, pampu ikizunguka. Ukiizimua, tia asidi kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi. Wala usiichanganye na klorini ya unga au ya maji: gesi inayotoka inaweza kuua.

"Jua hula klorini."
Kweli. Bila kinga, jua la mchana huimaliza kwa saa chache tu. Kinga ni asidi ya sianuriki, miligramu 30 hadi 80 kwa lita, kadiri kitabu cha mashine kinavyoagiza. Usizidishe: ikiwa nyingi huidumaza klorini, na njia ya kawaida ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine.

"Harufu kali ni dalili ya klorini nyingi."
Si kweli. Hiyo ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Mara nyingi bwawa linalonuka na kuwasha macho linadai klorini zaidi.

Mashine, basi, imekupokonya ndoo ya klorini tu. Kupima kumebaki kwako: klorini na pH mara mbili kwa wiki, chumvi mara moja kwa mwezi, na tena baada ya kila mvua kubwa. Seli nayo ichungulie kila baada ya miezi mitatu. Usidanganywe na maji maangavu. pH ya 8.2 haina rangi, na kijani kinapoonekana, kosa limeshakaa majini siku nyingi.