Rutuba ya Shamba la Muhogo: Kazi ya Bakteria na Mboji

Wakulima wengi husema kuwa muhogo hauhitaji mbolea. Ni kweli kwamba zao hili huvumilia ukame na udongo hafifu, kama ule wa kichanga upatikanao sehemu nyingi za Mtwara na Lindi. Lakini kuvumilia si kutohitaji. Shamba lipandwalo muhogo mfululizo bila kurudishiwa kitu hupunguza mavuno mwaka hadi mwaka, na hasara ya mwanachama huwa pia hasara ya chama chake.

Miongoni mwa vyakula vya mmea, naitrojeni ndiyo ijengayo majani na shina. Asilimia 78 hivi ya hewa ni naitrojeni, ila muhogo hauwezi kuichukua humo. Wawezao ni bakteria waitwao rizobia, ambao huishi udongoni. Bakteria hao huingia katika mizizi ya karanga, kunde, choroko na mimea mingine ya jamii hiyo, wakafanya vinundu vidogo. Mmea huwapa sukari, nao huupa mmea naitrojeni. Wataalamu wa Kijerumani, Hellriegel na Wilfarth, walieleza jambo hili kwa ushahidi mwaka 1888.

Mkulima aweza kuikagua kazi hiyo mwenyewe. Karanga zinapochanua, shina moja lichimbuliwe kwa jembe pamoja na udongo wake, wala lisivutwe, kwa kuwa vinundu vitakatika. Kinundu kipasuliwe kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Karanga na kunde kwa kawaida huwakuta bakteria wao shambani. Soya mara nyingi huhitaji kupakwa bakteria maalumu kwenye mbegu kabla ya kupandwa. Hao ni viumbe hai: wawekwe kivulini, na mbegu zipandwe siku ile ile.

Karanga zilizopandwa kati ya mistari ya muhogo huvunwa baada ya miezi mitatu hadi minne, wakati muhogo ungali mchanga. Hapo ndipo kosa kubwa hutendeka. Naitrojeni nyingi imo katika mbegu na majani ya karanga. Mbegu zikiuzwa na majani yakachomwa moto, muhogo hubakiwa na kidogo sana. Majani hayo yatandazwe shambani au yafukiwe.

Aidha, bakteria hawawezi kutoa kila kitu hewani. Muhogo huchukua potasiamu nyingi udongoni, nayo ndiyo isaidiayo sukari kusafiri kutoka majanini hadi mizizini. Kila gunia la muhogo litokapo shambani huondoka na sehemu ya potasiamu hiyo. Dawa yake ni samadi, majivu ya kuni na mboji.

Mboji hutengenezwa kwa kupanga matabaka ya majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, hadi kimo cha meta moja na nusu. Maganda ya muhogo yaweza kutiwa humo. Lundo linyunyiziwe maji, lifunikwe kwa nyasi na kugeuzwa kila baada ya majuma matatu hivi. Kijiti kirefu kikichomekwa katikati na kutoka na joto na unyevu, bakteria waozeshao wanaendelea na kazi. Kikitoka kikavu, maji yaongezwe. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa nyeusi, isiyo na harufu mbaya.

Samadi mbichi isitumiwe kwa mazao ya mizizi. Karoti huota matawi, na viazi vitamu vikipata naitrojeni kupita kiasi hustawi majani huku viazi vyenyewe vikiwa vidogo.

Wanaushirika wanaifahamu methali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba nalo lina hesabu yake ya vitokavyo na virudivyo. Inafaa kila chama cha msingi kitenge kipande kidogo cha ardhi, nusu yake ipandwe muhogo peke yake, na nusu ya pili ipandwe muhogo pamoja na karanga, na kurudishiwa majani na mboji. Siku ya kuvuna, mavuno ya nusu hizo mbili yapimwe kwenye mzani mbele ya wanachama wote.