Sungura Anapopukutisha Manyoya

Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu habari ya sungura wa kufugwa wakati anapopukutisha manyoya yake. Jambo hili huwatia watu wengi hofu. Asubuhi mwenye sungura hukuta manyoya yametapakaa kizimbani kama pamba iliyopasuka, na mnyama mwenyewe ana mabaka mgongoni. Mmoja husema ni ugonjwa, mwingine husema ni jicho baya, na wa tatu humpaka mafuta na dawa za kila namna. Lakini kupukutika manyoya si ugonjwa. Hatari iko mahali pengine, nayo ni tumboni. Tukilijua hilo, sungura wengi wanaokufa bure watapona.

Kwanza yatupasa kumjua mnyama tunayemsema. Sungura wa porini, yule mjanja wa hadithi za wazee wetu, si jamii moja na sungura wa kizimbani, wala hawazaani. Mtoto wa sungura wa porini huzaliwa ana manyoya na macho wazi. Wa kufugwa huzaliwa uchi, tena macho yamefumba. Asili ya sungura wa kufugwa ni nchi za Hispania na Ureno, nchi zenye majira ya baridi na majira ya joto. Huko mwili wake hubadili vazi kwa kufuata urefu wa mchana na hali ya hewa, mara mbili kwa mwaka: baridi inapokwisha, na baridi inapokaribia.

Katika nchi zetu mambo hayaendi kwa mpango huo. Mjini London tofauti kati ya mchana mrefu wa mwaka na mchana mfupi hupita muda wa saa 8, lakini Dar es Salaam haifiki saa 1. Kwa hiyo sungura wetu hawana ishara kubwa ya kuwaambia wakati wa kuvua vazi, na mmoja aweza kupukutisha mwezi huu, na mwenziwe mwezi mwingine. Mwenye sungura asingoje majira, bali atazame manyoya yenyewe.

Kupukutika kwa kawaida kuna utaratibu wake. Mara nyingi huanza kichwani na shingoni, kisha hufuata mgongo, na mwisho ubavuni na tumboni. Kazi hiyo huchukua majuma mawili mpaka sita. Ukipuliza manyoya utaona ngozi safi, haina gamba wala kidonda, na chini yake manyoya mapya yanachipua. Mnyama anakula, anaruka, na macho yake ni maangavu. Huyo hana ugonjwa.

Yako mambo mengine yanayoondoa manyoya, nayo yasichanganywe na hayo. Sungura jike aliyekaribia kuzaa hujinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni ili kuwatandikia watoto. Mimba yake ni siku 31 hivi, basi hesabu siku zako wala usimzuie. Ukiona magamba mazito puani, masikioni au miguuni, naye anajikuna daima, huo ni ukurutu wa wadudu. Ukiona mviringo usio na manyoya wenye ngozi kavu ya magamba, yamkini ni choa, na choa huambukiza watoto wanaomshika. Tena tazama chakula. Majani ya mti uitwao mlusina, ambayo ng'ombe na mbuzi hupewa, yana sumu iitwayo mimosini, nayo hunyonyoa manyoya ya sungura akipewa kwa wingi. Aliyekuwa akilishwa mlusina kila siku na akaanza kuwa na upara, aachishwe majani hayo mara moja.

Sasa tueleze hatari ya tumboni. Sungura ni mnyama safi. Hujilamba mchana na usiku, na wakikaa wawili hulambana. Wakati wa kupukutika, kila mlambo huingiza manyoya kinywani, nayo humezwa. Paka akimeza manyoya huyatapika. Sungura hawezi kutapika kabisa. Kila kilichoingia hakina njia ila kupita matumboni mpaka nje.

Hapo zamani watu walidhani kwamba manyoya hujiviringa yenyewe kama mpira na kuziba tumbo. Siku hizi madaktari wa wanyama wanafahamu kwamba mara nyingi mambo huanza kinyume chake. Sungura mzima huwa na manyoya kidogo tumboni siku zote, nayo hupita salama maadamu tumbo linafanya kazi. Lakini tumbo likilegea kwa kukosa nyasi, kwa kiu, kwa maumivu au kwa hofu, chakula na manyoya hukwama pamoja, maji hunyonywa, na mchanganyiko huo hukauka ukawa donge. Basi donge ni matokeo. Chanzo ni tumbo lililosimama. Kwa sababu hiyo dawa ya kwanza haiko dukani. Ni nyasi na maji.

Wako watu wanaomnywesha sungura maji ya papai au ya nanasi, wakiamini kwamba huyeyusha manyoya. Unywele umefanywa kwa kitu kigumu kiitwacho keratini, kitu kile kile cha kucha na pembe, na maji ya papai hayawezi kukiyeyusha. Sukari iliyomo nayo huweza kumchafua tumbo zaidi. Ubaya mkubwa ni kwamba mwenyewe hutulia, akidhani amekwisha kumtibu, na huku saa zinapita.

Nyasi ndizo chakula chake cha asili, nazo ziwe sehemu kubwa kabisa ya kila anachokula, mbichi au kavu, usiku na mchana, zisimwishie. Nyuzi ngumu za nyasi ndizo zinazolisukuma tumbo na kuyapeleka manyoya mbele. Tena humsugua meno, maana meno yake ya mbele hukua daima, yapata sentimeta 10 au zaidi kwa mwaka. Yakirefuka mno hushindwa kula. Kata nyasi safi, zianike kivulini mpaka zikauke zingali na rangi ya kijani, kisha uziweke mahali pasipo unyevu. Zenye ukungu usimpe. Majani ya viazi vitamu na kishona nguo humfaa pia, pamoja na nyasi, si badala ya nyasi. Pumba za mahindi, mkate, ugali na vitu vitamu vipunguzwe sana wakati huu, kwa sababu hushibisha bila kulisukuma tumbo. Karoti na ndizi ziwe kionjo tu.

Maji safi yawepo saa zote. Sungura mmoja wa kimo cha kati huweza kunywa kikombe kizima kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Chombo kiwe kizito asikipindue, kioshwe kila siku. Msisadiki neno la wale wasemao kwamba sungura hahitaji maji maadamu anakula majani mabichi. Sungura mwenye kiu hupunguza kula, na anayepunguza kula ameianza safari mbaya.

Pamoja na chakula kuna kazi ya mkono, nayo ni kumchana. Kila unyoya unaobaki katika chanuo ni unyoya usioingia tumboni. Manyoya yanapopukutika sana, mchane kila siku. Mwenye manyoya marefu kama Angora asikose hata siku moja. Tumia chanuo lenye meno butu, ufuate njia ya manyoya, kwa upole, kwa kuwa ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika upesi. Mafungu yaliyokwisha kulegea yatatoka yenyewe kwa vidole. Yanayoshika yaache mpaka kesho. Huna chanuo? Lowesha viganja kwa maji kidogo, umpapase toka shingoni mpaka mkiani, na manyoya yaliyolegea yatashika mikononi. Kama sungura ni wawili, wachane wote wawili, maana asiyepukutika humlamba mwenziwe na kumeza manyoya yake. Kizimba nacho kifagiliwe.

Watoto wafundishwe kumshika. Asiinuliwe kwa masikio kamwe. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili ubebe matako, na mwili wake uegemee kifuani pa mshikaji. Sungura akining'inia na kurusha miguu ya nyuma kwa nguvu, aweza kujivunja uti wa mgongo. Salama zaidi ni kukaa chini juu ya mkeka na kumchana mapajani.

Wala asioshwe kwa kuzamishwa majini, hata manyoya yakiwa machafu namna gani. Hofu na baridi ya maji huweza kumwua. Palipochafuka pafutwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, pakaushwe. Sehemu ya nyuma itazamwe kila siku, kwa sababu manyoya yaliyolegea hushikana hapo na kinyesi, na nzi hutaga mayai; mabuu wakitoka huanza kumla mnyama angali hai. Jambo hili huenda upesi, aghalabu ndani ya siku moja tu.

Joto nalo ni adui. Sungura hatoki jasho kama mtu. Hupoza mwili zaidi kwa masikio yake. Hewa ikipita digrii 30 huanza kutaabika, hasa akiwa bado amevaa manyoya ya zamani. Kizimba kiwe kivulini na upepo upite. Paa la bati liezekwe kwa makuti au nyasi juu yake.

Sasa twafika penye jambo kubwa kuliko yote: dalili. Sungura hasemi wala halii anapoumwa, bali kinyesi chake husema kwa niaba yake. Punje nzuri ni za mviringo, kavu kiasi, zilizolingana, zenye nyuzi za nyasi ndani. Usiku hutoa pia punje laini zilizoshikamana kama kichala cha zabibu, na mwenyewe huzila. Hiyo ni desturi ya mwili wake wala si uchafu. Lakini ukiona punje zimekuwa ndogo na ngumu, au zimeungana kwa unywele kama shanga katika uzi, hilo ni onyo la kwanza: ongeza nyasi, maji, na kumchana. Ukiona punje zimepungua sana au hazipo kabisa, naye ameacha chakula, amejikunyata pembeni na anasaga meno, hilo si onyo tena bali ni hatari. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kunya asisubiri kesho. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile, ndani ya kikapu chenye nyasi, kilichofunikwa kwa kitambaa.

Njiani, kama tumbo ni laini na mnyama ana nguvu za kumeza, mwekee maji na majani mabichi karibu na mdomo. Usimmiminie kitu kwa nguvu, kwani huweza kuingia mapafuni. Na kama tumbo limevimba na kuwa gumu kama ngoma, usimlishe kitu chochote. Mbio kwa daktari.

Twatoa onyo pia juu ya dawa. Dawa ya viroboto vya mbwa iitwayo fipronili ni sumu kwa sungura, nayo imekwisha kuua wengi. Penisilini na amoksilini zikinyweshwa kwa kinywa huua wadudu wema wanaosaga chakula tumboni mwake, na sungura hufa kwa kuhara. Basi vidonge vilivyobaki nyumbani baada ya ugonjwa wa mtu asipewe. Dawa ya ukurutu ipo, lakini kipimo chake ni cha daktari, kwa uzito wa mnyama.

Mabwana walimu wenye sungura shuleni twawapa shauri moja. Mwekeni mtoto mmoja wa zamu kila juma, mwenye kazi tatu tu: asubuhi atazame kama nyasi za jana zimeliwa, aone kama maji yamepungua, na atazame punje chini ya kizimba kabla hazijafagiliwa. Akikuta moja ya hayo limebadilika, amwambie mwalimu kabla ya kengele ya kwanza. Na wazee wenye mabaraza, mtu akija kushitaki kwamba jirani amemlogea sungura wake, mwulizeni kwanza mnyama alikula nyasi gani, alikunywa maji lini, na ni nani aliyetazama kinyesi chake siku ile ya kwanza alipoacha kula.