Uwanja wa Yanga Jangwani: maji yatapita wapi?



Kundi letu la familia la WhatsApp kwa kawaida ni khabari za harusi, misiba na picha za biriani. Mwezi uliopita ukazuka mzozo. Mjomba wangu, anayekaa Al Khoudh na ambaye ni Yanga tangu hajaota ndevu, alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Anatutaka sote tulioko Ghuba tujiweke tayari kuchangia siku klabu itakapoanza kujenga uwanja wake Jangwani, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Yeye mwenyewe keshatenga riali mia tatu. Haikupita nusu saa, shangazi yangu wa Magomeni akajibu bila ya kuandika neno hata moja. Aliweka picha ya ukuta wa chumba chake, na juu ya ukuta ule mstari wa rangi ya tope, umepita juu ya swichi ya taa.

Kundi zima likanyamaza siku mbili. Kwa ukoo wetu hilo ni jambo la kuandikwa.

Baadaye wengine wakaniandikia pembeni: wewe ulikaa na watu wa michoro, hebu tufahamishe, nani ana haki baina ya hawa wawili? Mimi si mhandisi. Nilikuwa karani wa michoro katika ofisi moja ya barabara hapa Muscat kwa miaka kumi na tisa, kazi yangu kupokea karatasi, kuzipiga muhuri na kuziweka. Lakini ukizishika karatasi za watu muda wote huo, na ukiwasikiliza wakigombana juu yake, kuna kitu kinaingia. Na kabla hamjauliza: marehemu baba alikuwa Simba, mama Yanga, na mume wangu ni mtu wa Malindi ya Unguja, asiyetaka kusikia khabari za timu yoyote ya bara.

Tuanze na pahala penyewe, kwa ajili ya watoto waliozaliwa huku. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Morogoro, ukishapita Fire, barabara inateremka. Unaingia bondeni, unavuka daraja, halafu unapanda tena mpaka Magomeni Mapipa. Hilo bonde ndilo Jangwani. Mkono wa kushoto, ukingoni mwa Kariakoo, kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, ndipo lilipo jengo la Yanga, na karibu yake kiwanja cha Kaunda, kilichopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia. Wanangu wamecheka sana kwa jina hili. Wao jangwa wanalijua, wamelala kwenye mchanga wa Wahiba, na mama yao anawaambia kwamba Jangwani ni pahala ambapo maji humfika mtu kiunoni.

Kwa nini klabu inapataka pale? Hapa mjomba ana hoja, na si hoja ndogo. Yanga ilianzishwa 1935, Simba mwaka mmoja baadaye, na zote mbili ni watoto wa Kariakoo. Mpaka leo mmoja anaitwa wa Jangwani na mwengine wa Msimbazi. Pamoja na umri huo, Yanga mechi zake kubwa inachezea kwenye uwanja wa serikali. Mei 2023, ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mechi ya kwanza dhidi ya USM Alger ilichezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, ule wa watu 60,000 uliofunguliwa 2007. Mechi nyengine imekuwa ikizipeleka Chamazi kwa Azam au kwenye uwanja wa KMC. Mazoezi yako Kigamboni, maana Kaunda mvua ikinyesha haichezeki. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, bado anahama nyumba za kupanga.

Na uwanja wa katikati ya mji una raha yake. Muuza vitambaa wa Kariakoo anafunga duka saa kumi, anakwenda uwanjani kwa miguu, usiku anarudi kwake kwa mwendokasi. Mama ntilie wanauza, wenye mabucha wanauza. Mtoto anakua akiuona uwanja kila siku anapokwenda skuli, hata kama hana pesa ya tiketi. Ndiyo maana wazo hili halifi. Enzi za uenyekiti wa Yusuf Manji kulikuwa na mpango wa kujenga pale pamoja na kampuni ya Kichina, klabu ikaomba iongezewe eneo, ukaishia kwenye michoro. Uongozi uliokuja baadaye nao umeeleza nia ile ile.

Sasa tuje kwenye ule mstari wa ukutani kwa shangazi.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unatembea takriban kilomita 35, unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Siku za kiangazi ukiutazama kutoka darajani Jangwani utauona mfereji tu wa maji meusi, ukadhani bonde lote lililobaki ni uwanja mtupu usiokuwa na kazi. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Mto wa namna hii una matandiko mawili: dogo la kila siku, na kubwa la masika. Bonde ndilo tandiko kubwa. Mvua ikipiga Pugu, Kisarawe na mitaa yote ya katikati, ambayo sasa imejaa mabati na saruji, ardhi hainywi tena kama zamani. Maji yanateremka yote kwa pamoja, na tope, mchanga na taka za jiji, yakifika Jangwani yanatandaa.

Desemba 2011 yalitandaa hivyo. Zilikuwa mvua ambazo Dar es Salaam haikuziona tangu 1954. Walikufa watu zaidi ya 40, na serikali ikawahamishia wengi Mabwepande. Nyumba ya shangazi haiko bondeni, iko ukingoni, na kwa hivyo hata bomoabomoa ya 2015 haikuifika. Lakini usiku ule alilala juu ya bati la jirani na mjukuu mgongoni. Ukuta ameupaka rangi mara mbili tangu hapo, na kila mara humwambia fundi auache ule mstari.

Uwanja unahusika vipi na mstari ule? Fanyeni jaribio hili jikoni. Jazeni beseni la kuoshea mchele maji mpaka nusu, halafu kandamizeni ndani yake sufuria iliyofunikwa. Maji yatapanda pembeni. Hamkuongeza hata tone, mmeyanyang'anya nafasi tu. Kujenga bondeni kwa kawaida huanza kwa kumwaga kifusi ili kiwanja kiinuke kikae juu ya mafuriko, na kila tani ya kifusi ni sufuria ndani ya beseni. Tena mto ni mbaya kuliko beseni kwa sababu maji yake yanatembea. Ukiubana upande wa Kariakoo, yanarundikana kwa nyuma, kuelekea Kigogo na Mchikichini, na pale penye mbano yanapita kwa kasi na kula ukingo wa pili. Ukingo wa pili ni Magomeni. Uwanja wenyewe unaweza kubaki mkavu kabisa, mashabiki wakapiga picha nzuri, na maji yakawa yamehamia kwa mtu asiyekuwa na tiketi.

Kuna njia ya kujenga juu ya nguzo, maji yapite chini. Hufanyika duniani, na inagharimu. Kwa Msimbazi ina shida yake nyengine: mto huu haubebi maji peke yake. Tope na taka zimejaa chini ya daraja la Jangwani mara nyingi mpaka yakaletwa makatapila kuzichimba. Nguzo mia mbili zitakuwa nyavu mia mbili.

Jambo lililonifanya nione mzozo huu umefika pahala pengine kabisa ni mradi wa kuliendeleza bonde lenyewe, unaogharamiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, Uhispania na Uholanzi, jumla dola milioni 260. Nia yake ni kuupanua na kuuchimba mto, kuinua daraja, kuhamisha watu walioko hatarini na kulifanya bonde la chini kuwa bustani kubwa ya jiji, ambayo masika ikizama hapana kilichoharibika. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa pale pale Jangwani na ikazama mara kadhaa, nayo imo katika vitu vya kuhamishwa. Yaani serikali inatoa pesa kuyaondoa mabasi bondeni. Uwanja ukiingia pale pale yanapotoka mabasi, mtu ana haki ya kuuliza.

Lakini mradi ule ule una mlango kwa mjomba. Udongo utakaochimbwa mtoni ulikusudiwa kuinua baadhi ya kingo, ziwe ardhi ya kujengwa, kwa vipimo vilivyokwisha hesabu maji yatapita wapi. Hapo kifusi hakimnyang'anyi mto nafasi, kwa kuwa mto umeshachimbiwa nafasi nyengine. Uwanja utakaokaa juu ya ukingo wa namna hiyo, ndani ya hesabu ya bonde zima, ni kitu kimoja. Uwanja utakaopimwa peke yake, na klabu, kwa kiwanja chake, ni kitu chengine kabisa, hata michoro ikifanana kwa rangi.

Sisi wa huku tusijifanye hatuyajui haya. Juni 2007, Gonu ilipotupiga, Oman ilipoteza watu karibu 50. Nilikuwa nakaa Qurum. Gari letu tulilikuta mtaa wa pili, limeegemea mtende. Siku zile nikazipokea ofisini karatasi nyingi za barabara za kutengenezwa upya, na karibu kila moja ilikuwa na mstari wa buluu unaoonesha wadi ilikokuwa ikipita kabla watu hawajaisahau.

Na suala la kuwa katikati ya mji, nalo lina sura mbili. Uwanja wa Sultan Qaboos pale Bausher ulipofunguliwa 1985 ulikuwa nje, na Amaan ya Unguja vile vile, 1970. Miji ndiyo iliyowafuata. Mnaikumbuka fainali ya Kombe la Ghuba, Januari 2009, Oman ilipowatoa Saudia kwa penalti? Kutoka Bausher mpaka Ghubra tulichukua saa mbili na nusu, tukipiga honi. Furaha ile ilizima hasira, lakini sikumbuki kuona njia hata moja iliyo wazi ya kupita gari la wagonjwa. Doha 2022 jamaa zetu walikwenda mechi kwa metro na wakarudi kulala. Cardiff, Wales, uwanja wao mkubwa wa 1999 uko katikati ya mji kando ya mto Taff, na stesheni ya treni iko hapo hapo. Jangwani mwendokasi upo, hilo ni jema, isipokuwa unapita juu ya daraja ambalo likizama njia hufungwa. Mechi ya usiku mwezi wa Aprili, mvua ikaja dakika ya sabini: watu elfu kadhaa watatokea wapi? Mwenye mchoro ajibu hilo pia.

Pesa nitazipita haraka. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hivyo mechi za nyumbani ni 15. Ongeza za Afrika na za kombe, utafika ishirini na kitu kwa mwaka. Siku nyengine zote uwanja unataka umeme, majani, walinzi na mafundi. Bila ya maduka na kumbi za kukodisha chini ya majukwaa, michango ya kina mjomba itakuwa ya kila mwaka.

Rai yangu ni hii. Sipingi uwanja Jangwani. Napinga kuchangia kabla ya kuoneshwa karatasi mbili: hesabu ya maji ya bonde zima, iliyopigwa na watu wasiolipwa na klabu, na barua ya wenye mradi wa Msimbazi kwamba uwanja umo katika ramani yao. Picha zile za kompyuta zenye taa na majukwaa ya kijani na manjano si karatasi. Nimezipiga muhuri picha za namna ile nyingi katika maisha yangu, na nyingi zimebaki kabatini.

Nilimsomea mjomba haya yote kwa simu kabla sijayatuma. Alinyamaza, akakohoa, akasema, "Haya mwanangu, basi hizo mia tatu nitakuletea wewe, zikae kwako mpaka waoneshe hizo karatasi." Jioni nikampigia shangazi kumpa khabari. Akauliza kama haziwezi kukaa kwake kwanza, maana plasta ya ule ukuta imeanza kumeguka.